Jiwe la mjomba na kesi ya Torbane Hill

Nimekuwa kimya humu kwa wiki mbili. Walioniandikia kuuliza kama nimefunga duka, asanteni, duka lipo. Nilikuwa Nduguti. Kwa wale wa mjini ambao ramani yao inaishia Mbezi: Nduguti ni makao makuu ya wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Ukifika huko msimu wa mavuno, neno "mafuta" lina maana moja tu. Alizeti. Mashine za kukamua zinaunguruma, mashudu yamerundikwa nje, na kila mtu ana maoni kuhusu bei ya gunia.

Safari hii nilikuta mafuta ya aina nyingine midomoni mwa watu.

Nilimkuta mjomba amekaa barazani, na kabla sijamaliza shikamoo alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Jiwe. Jeusi, zito, kubwa kama ngumi mbili, lenye vimeta vidogo vidogo ukiligeuza juani. Lilitoka kwenye shimo la kisima shambani kwake.

"Mjomba, wewe ni mtu wa magazeti," akaniambia. "Haya ni makaa ya mawe yenye mafuta. Umeshawahi kuyaona?"

Sikuwa nimewahi kuyaona. Nikamuuliza nani kamwambia hivyo. Akatoa karatasi. Ukurasa mmoja, umechapwa kwa kompyuta, na chini kuna nafasi ya sahihi au dole gumba. Jamaa mmoja wa mjini (dalali, mwekezaji, sijui nimwiteje) alikuwa amepita mara mbili. Anataka mjomba aridhie kwa maandishi uchimbaji wa "makaa ya mawe na madini mengineyo" kwenye ekari zake tatu. Shilingi laki tatu siku ya kusaini, nyingine "baada ya majibu ya maabara". Na ana haraka, wiki ijayo anarudi.

Ndugu wasomaji, nilitaka kuandika habari ya kawaida kabisa: mzee wa kijijini, tapeli wa mjini, mwisho wa habari. Ila jiwe lile lilinikalia kichwani. Nikaanza kusoma kuhusu makaa ya mawe yenye mafuta, na huko nikakutana na kesi ya Uskoti ya mwaka 1853 ambayo imenifanya niione karatasi ya mjomba kwa macho mengine kabisa. Kesi hiyo ndiyo iliyonirudisha humu leo. Lakini kwanza tumalizane na jiwe.

Makaa ya mawe yenye mafuta yapo kweli, hilo jamaa hakudanganya. Makaa tunayoyajua sisi, ya Kiwira, Ngaka na Mchuchuma, asili yake kubwa ni mimea ya nchi kavu: miti, majani, mizizi, vilivyoozea kwenye vinamasi na kufukiwa. Haya mengine yana asili tofauti. Kuna aina iliyotokana na chembechembe za uzazi za mimea, zile zinazopeperuka kama vumbi, ambayo Waingereza waliipa jina linalotokana na mshumaa kwa sababu kipande chake kinashika moto na kuwaka kwa mwali mrefu. Na kuna aina iliyo tajiri zaidi, iitwayo tobanaiti, iliyotokana na mwani. Ndiyo, mwani. Ule utando wa kijani unaoelea kwenye maji yaliyotulia.

Mwani wenyewe una jina la kitaalamu, Botryococcus, na haujatoweka. Ndugu zake wa leo wapo kwenye maziwa na madimbwi sehemu nyingi duniani. Mabaki yake yamekutwa hata kwenye tope la ziwa dogo lililoko kwenye mitelemko ya Mlima Kenya. Chembe zake huishi kwa makundi kama kichala cha zabibu, na kila kundi hujitengenezea mafuta. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo mwani huu huelea, upepo huusukuma upande mmoja wa ziwa, ukifa unazama. Kama ziwa limetulia na huko chini hakuna hewa ya kutosha kuuozesha, unajilundika tope juu ya tope. Kisha unafukiwa. Miaka milioni mia kadhaa baadaye unapata jiwe jeusi au la kahawia, jepesi, gumu kuvunjika, na likivunjika linamemeka kama kioo kinene. Ukilikwaruza kwenye kigae linaacha mstari wa kahawia, wakati makaa ya kawaida huacha mweusi. Ukikata kipande chembamba na kukiangalia kwa hadubini unaona vidoa vya njano vimejipanga. Hao ndio mwani wenyewe.

Mafuta yake hukamui kama alizeti. Ndani ya jiwe hakuna mafuta yanayotiririka. Kuna kitu kigumu ambacho kinageuka kuwa mafuta na gesi ukikipasha moto mkali ndani ya chombo kisichoingiza hewa. Jiwe la Torbane Hill, lililoipa aina hii jina lake, lilitoa galoni 120 hivi kwa tani moja, yaani zaidi ya lita 500. Mashudu yake ni majivu na mawe.

(Kuna kituko kimoja hapa siwezi kukiacha. Kusini mwa Australia, mahali paitwapo Coorong, watu wa karne ya 19 waliokota vipande vya kitu kama mpira vinavyowaka moto. Wakaamini kuna mafuta yanachuruzika kutoka ardhini. Mwaka 1866 wakachimba kisima cha mafuta. Hawakupata kitu. Ule mpira ulikuwa mwani wa aina hiyo hiyo, umekaukia ufukweni. Tobanaiti ambayo haijapata umri.)

Haya. Jiwe la mjomba.

Sikuhitaji maabara kwa hatua ya kwanza. Nililiweka kwenye jiko la mkaa la shangazi, nikapepea dakika ishirini. Lilipata moto kama jiwe lolote la mafiga. Halikushika, halikutoa moshi, halikunuka. Nikalikwaruza kwenye kigae: mstari wa kijivu unaoelekea kijani. Kisha nikaenda dukani kwa jirani, nikalipima kwenye mizani: gramu 900. Nikalitumbukiza kwenye ndoo iliyojaa pomoni na kuyapima maji yaliyomwagika kwenye beseni: mililita 300 hivi. Kwa ujazo ule ule jiwe la mjomba ni zito mara tatu ya maji. Tobanaiti inazidi maji kidogo tu. Watoto walifurahi sana, walidhani nafanya mazingaombwe.

Nikampigia rafiki yangu aliyesoma jiolojia pale Mlimani. Nikamtumia picha. Akacheka, halafu akaniuliza swali ambalo lilinifanya nione aibu kwamba sikujiuliza mwenyewe: "Nduguti iko juu ya mwamba gani?"

Sehemu kubwa ya kaskazini mwa Singida imekalia kitovu cha kale cha nchi hii, miamba ya itale na jamaa zake yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Bilioni. Wakati miamba hiyo inapoa hapakuwa na mti duniani. Hapakuwa na jani. Mimea ya nchi kavu ilikuja miaka bilioni mbili baadaye, na kinamasi cha kutengeneza makaa kilichelewa zaidi. Kutafuta makaa ya mawe ndani ya mwamba ule ni sawa na kutafuta simu ya mkononi kwenye kaburi la Farao.

Makaa yetu yako kwenye miamba ya Karoo, tabaka za mchanga na tope zilizojaza mabonde wakati Afrika, Australia, India, Amerika ya Kusini na Antaktika zilikuwa bara moja. Kwetu mabonde hayo yako kusini na kusini magharibi: Ruhuhu, Songwe-Kiwira, Rukwa. Umri wake katika enzi ya Permi ni miaka milioni 250 mpaka 300 hivi. Na hapa kuna jambo la kuvutia. Tobanaiti ya New South Wales kule Australia ni ya enzi hiyo hiyo, na ya Ermelo huko Afrika Kusini iko kwenye miamba ya Karoo, ukoo mmoja na yetu. Ile ya Ermelo ilichimbwa na kupikwa kuwa petroli kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960. Ile ya Glen Davis, Australia, ilianza kutoa mafuta wakati wa vita kuu ya pili na kufungwa mwaka 1952, kwa sababu petroli ya kisima cha kawaida ilikuwa rahisi mno kushindana nayo. Kila mahali tabia yake ni ile ile: inakaa kama vipande vilivyokatikakatika, vyembamba, ndani au pembezoni mwa makaa ya kawaida, pale palipokuwa na kidimbwi katikati ya kinamasi. Ukimaliza kipande umemaliza. Kwa hiyo anayetaka kuitafuta Tanzania aende akakwaruze mawe Ruhuhu. Nduguti hapana.

Basi jiwe la mjomba ni nini? Rafiki yangu alisema kwa picha tu hawezi kuapa, ila linafanana na amfiboliti, mwamba mweusi wa kale uliopikwa na kukandamizwa ardhini. Na akaongeza kwamba miamba ya namna hiyo huandamana na ukanda wa kijani wa Iramba na Sekenke, upande wa magharibi kutoka Nduguti.

Sekenke mnaijua? Dhahabu. Wajerumani waliichimba kabla ya vita kuu ya kwanza. Zile sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zilizofuliwa Tabora mwaka 1916 wakati Mjerumani amezingirwa na hana pesa, dhahabu yake ilitoka Sekenke. Leo wakusanyaji wa sarafu Ulaya wanazigombania kwenye minada.

Nikarudi kwa mjomba na ushahidi wangu wote. Nikamweleza: mjomba, hili siyo makaa. Haliwaki. Ni zito mno. Hapa Nduguti hayawezi kuwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayesoma shairi. Kisha akauliza:

"Sasa mjomba, kama siyo makaa, kwa nini wanataka kunipa hela?"

Nilikosa jibu. Hapo ndipo inapoingia kesi niliyoitaja.

Mwaka 1850 mzee mmoja wa Uskoti aitwaye Gillespie na mkewe, wenye shamba la Torbanehill karibu na mji wa Bathgate, waliwakodisha akina Russel haki ya kuchimba shambani mwao. Mkataba ulitaja vitu kwa majina: makaa ya mawe, chuma cha mawe, chokaa, udongo wa matofali ya tanuru. Kodi yake ilikuwa ya makaa ya kawaida. Akina Russel wakachimba, wakakuta tabaka la jiwe la ajabu. Lilikuwa na gesi nyingi kuliko makaa yoyote yaliyojulikana, na wakati huo miji ya Ulaya ilikuwa inawasha taa za barabarani kwa gesi ya makaa. Mwaka ule ule wa 1850 mkemia James Young akapata hataza ya kupika makaa ya namna hii ili kutoa mafuta, na mwaka 1851 kiwanda chake kikaanza kazi pale pale Bathgate, kwa jiwe hilo hilo. Mafuta aliyoyauza aliyaita parafini. Sisi tunayaita mafuta ya taa. Kila aliyesomea kwa kibatari au koroboi ana deni dogo kwa shamba la Gillespie.

Gillespie akaona utajiri unatoka shambani kwake kwa bei ya makaa. Akaenda mahakamani Edinburgh mwaka 1853 akidai fidia ya pauni 10,000. Hoja yake ilikuwa moja tu: hili siyo makaa. Mimi nilikodisha makaa.

Walipanda kizimbani makumi ya mashahidi, wataalamu wakubwa wa siku zile. Wanajiolojia, wakemia, watu wa hadubini. Nusu waliapa kuwa ni makaa, nusu waliapa kuwa siyo. Watu wa hadubini walivitazama vile vidoa vya njano, kila mmoja akaona chake. Maana hakuna aliyejua bado kwamba ni mwani.

Jaji akawaambia wazee wa baraza kwamba hawakuja kumaliza ugomvi wa sayansi. Swali lao ni dogo: kwa lugha ya kawaida ya watu wa nchi hii na ya biashara, je, kitu hiki kinaitwa makaa? Wakajibu ndiyo, kinaitwa makaa. Gillespie akashindwa.

Mimi nimeisoma habari hii mara tatu sasa. Kinachoniuma ni kwamba kisayansi Gillespie alikuwa na hoja. Jiwe lake lilikuwa na asili tofauti na makaa ya kawaida, na wanasayansi waliokuja baadaye walilipa jina lake. Lakini jina hilo lilichelewa. Siku anasaini, neno lililokuwepo mezani lilikuwa "makaa", na neno hilo lilikuwa pana vya kutosha kummeza. Na ndani ya miaka kumi na kitu tu tabaka lile likawa limekwisha. Young akahamia kwenye mawe mengine ya mafuta ya Uskoti na akafa tajiri.

Utajiri huo uligusa hata huku kwetu. Young alikuwa rafiki wa David Livingstone tangu walipokuwa wanafunzi Glasgow, na alimsaidia kwa fedha kwenye safari zake. Livingstone alipofia Chitambo mwaka 1873, Abdullah Susi na James Chuma na wenzao waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500 kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo. Mwaka 1874 Susi na Chuma wakapelekwa Uingereza, wakasaidia kuandaa shajara za mwisho za bwana wao kwa ajili ya kuchapwa. Aliyelipa nauli yao ni James Young. Nauli ile ilikuwa pesa ya mwani. Sijui kama kuna aliyewaeleza.

Sasa mseme mnavyotaka, lakini mimi nikisikia kesi ya Torbane Hill naona makinikia. Mnakumbuka 2017? Makontena 277 bandarini Dar es Salaam. Tume ya Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia, ikasoma ripoti yake tarehe 24 Mei mbele ya Rais Magufuli na taifa zima kwenye televisheni: wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani ya mchanga. Kampuni ikasema hapana, ni 200 hivi. Mara saba! Wataalamu wakapishana, wananchi tukagawanyika vijiweni, kila mtu akawa mkemia. Likaja dai la kodi la dola bilioni 190, na mwisho wake makubaliano na Barrick, yaliyotangazwa 2019: dola milioni 300, hisa za asilimia 16 kwa serikali, na kampuni mpya ya Twiga. Nani alikuwa sahihi kuhusu zile gramu? Hilo halikuamuliwa mbele ya jaji kama kule Edinburgh, lilimalizwa mezani. Mimi ninachojua ni kwamba nchi ilikuwa imeshasafirisha mchanga ule kwa miaka mingi kabla ya kubishana kwa sauti kubwa kuhusu kilichomo ndani yake.

Baada ya hapo tumezungumza sana asilimia. Sheria zilizotungwa 2017 zinasema utajiri wa asili ni mali ya wananchi na mikataba mibovu inaweza kupitiwa upya. Nzuri. Waandishi wenzangu wakipewa mkataba wanakimbilia ukurasa wa mrabaha. Nami nimefanya hivyo. Lakini nadhani tunafika uwanjani dakika ya themanini. Hasara inatokea mapema zaidi, siku jiwe linapopewa jina na mtu mmoja peke yake, mbele ya mtu asiye na namna ya kumbishia.

Mjomba hana hata haki aliyokuwa nayo Gillespie. Kule Uskoti mwenye shamba alikuwa na haki ya kukodisha kilichomo chini. Kwetu madini ni ya umma, Rais akiwa mdhamini; mjomba ana alizeti ya juu tu. Kitu kimoja alichonacho ni ridhaa. Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali kabla ya kuchimba kwenye shamba linalolimwa au karibu na nyumba ya mtu. Ile karatasi ya laki tatu ndiyo hiyo. Jamaa hanunui jiwe. Ananunua neno "ndiyo", na analinunua kwa bei ya makaa ambayo hayapo. Neno linalofanya kazi kwenye karatasi ile ni "mengineyo". Gillespie angelielewa haraka.

Inawezekana yule jamaa anawaza dhahabu. Inawezekana pia hajui chochote, kasikia tu uvumi wa mafuta akaamua kukusanya sahihi za kuuza mbele. Na uvumi una mzizi. Shirika la petroli, TPDC, limekuwa likifanya utafiti katika bonde la Eyasi Wembere, ambalo linagusa Singida, Simiyu, Arusha, Tabora na Shinyanga. Bomba la kutoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, njia yake inakatiza mkoa wa Singida. Mtu wa Nduguti akiunganisha mambo hayo mawili na jiwe jeusi la kisimani, simlaumu. Tena hajakosea kwa mbali sana: mafuta ya Hoima nayo yana asili ya tope la ziwa la kale na mwani wake, ndiyo maana yamejaa nta na bomba lake linabidi lipashwe moto yasigande. Eyasi Wembere nako kinachotafutwa kimo kwenye tope la ziwa lililojaza bonde la ufa, tope changa lililokalia mwamba wa kale. Shamba la mjomba halimo kwenye tope hilo. Limo kwenye mwamba.

Je, mjomba angeyajuaje haya? Ramani za jiolojia zipo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma, ina maabara, na mtu anaweza kupeleka jiwe lake. Lakini nilipoangalia ramani na maelezo yake, lugha ni Kiingereza cha chuo kikuu. Hata mimi mwenye digrii nilihitaji rafiki wa kunisomea. Nilipita ofisi moja ya kijiji (siyo ya Nduguti, msianze kutafutana) nikaona ukutani ramani ya mipaka, kalenda ya benki na tangazo la chanjo ya mbwa. Nikauliza kama kuna karatasi yoyote inayosema ardhi hii ina miamba gani. Mtendaji aliniangalia kama niliyemuuliza hali ya hewa ya Mars.

Ombi langu ni dogo kiasi cha kuchekesha. Kila kijiji kiwe na karatasi moja ukutani, kwa Kiswahili, yenye rangi tatu au nne: hapa mwamba wa kale, hapa tope la ziwa, hapa udongo wa mafuriko, vinavyoweza kupatikana ni hivi, visivyoweza kupatikana ni hivi. Mtaniambia kwamba karatasi ukutani haizuii tapeli. Pengine. Pia mtaniambia kwamba ukimwambia mwanakijiji kuna uwezekano wa dhahabu, kesho shamba zima ni mashimo. Hilo ni kweli na linanipa shida, sina dawa yake. Lakini kumficha haijawahi kumzuia dalali kujua. Inamzuia mjomba tu.

Nilimjibu mjomba usiku ule, tukiwa tunakula ugali wa mtama na kuku. Nilimwambia wanampa hela kwa sababu ya neno la mwisho kwenye mstari wa pili. Akaniomba nimsomee tena. Nikasoma. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba kalamu, akalikata lile neno mara mbili, akaikunja karatasi na kuirudisha kwenye kitambaa.

Nusu ya jiwe ninayo hapa mezani, nusu nimeituma Dodoma na mtu wa basi. Jana mjomba kapiga simu. Jamaa amerudi, na safari hii ana karatasi mpya yenye kurasa mbili na fungu la laki tano. Mjomba kamwambia kalamu imekwisha wino, asubiri mpwa wake aje na nyingine.

Naondoka Ijumaa, basi la alfajiri.